Hewa ya Bara, Hewa ya Pwani: Historia ya Injekta Zilizoelemewa



Tunajua kurasa hizi zimezoea mashairi, kumbukumbu za Vita vya Majimaji na barua za kutoka nyumbani. Safari hii tunaomba ruhusa tuje na mikono yenye grisi, maana tuna historia ya kusimulia ambayo haimo katika vitabu vya shule, nayo ilitugharimu injini nzima na nusura itugharimu undugu.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, alitupigia simu kijana wetu wa Tanga anayeishi Johannesburg. Ni mtoto wa binamu yetu wa kike, kwa hiyo hutuita mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, supachaja nimeshaifunga. Sasa nataka injekta kubwa. Wewe ndiye mhandisi, nipe namba tu."

Gari lake ni la Kijerumani, silinda sita, lita tatu. Alikuwa ameliwekea akiba miaka minne, akila ugali na sukuma wiki mwisho wa mwezi ili apate la kununulia vipuri. Alitutumia karatasi ya daino, ile mashine ya kupimia nguvu za gari, na karatasi ilisema kilowati 300, yaani nguvu za farasi 400 na kidogo. Tulikaa na kalamu jioni moja, tukampa namba. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Hata hivyo mwezi wa kumi na mbili pistoni iliyeyuka hapahapa Durban, na gari likarudishwa juu ya lori la kuvuta.

Kosa letu halieleweki bila kurudi nyuma kidogo.

Mwanzo wa supachaja haukuwa na uhusiano wowote na magari. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots, wa mji wa Connersville katika jimbo la Indiana, Marekani, walikuwa na kiwanda cha sufu kilichoendeshwa kwa nguvu za maji. Katika kutafuta gurudumu bora la maji walipata mashine yenye vizungushi viwili vinavyopishana ndani ya sanduku la chuma, na mwaka 1860 wakaikatia hataza. Ikaonekana kwamba inapuliza hewa vizuri kuliko inavyozungushwa na maji, ikaishia kwenye tanuri za kuyeyushia chuma na migodini. Gottlieb Daimler alipata hataza ya kushindilia hewa ndani ya injini mwaka 1885, na mwaka 1921 kampuni iliyobeba jina lake ilionyesha huko Berlin magari ya Mercedes yenye kifaa hicho, tayari kwa kuuzwa.

Lakini waliokipa heshima ya kweli ni watu wa ndege, kwa sababu wao ndio walioona kwa macho yao injini ikikosa pumzi. Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa General Electric, aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 juu ya bahari. Injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 350 ilipokuwa chini. Kule juu ilitoa 230 tu. Alipoifungia kishindilia hewa chake, kilichozungushwa na moshi wa ekzosi, ikapanda hadi 356. Kwa sisi tuliosomea uhandisi, namba hizo tatu zinatosha kuwa somo la mwaka mzima: injini ni pampu ya hewa, na petroli hufuata hewa kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Sasa tuje Afrika Kusini. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa huko ni kama kilopaskali 82, na hapa Durban ni 101. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 570 hivi za barabara ya N3, kupitia Harrismith na mteremko wa Van Reenen. Msomaji aliyewahi kutoka Nairobi hadi Mombasa anaijua hali hiyo hata kama hajawahi kuipigia hesabu: gari lililokuwa zito Nairobi linaamka likifika Voi. Na wa kwetu Tanzania wanaopanda Kitonga kwenda Iringa wanaijua kwa upande wa pili, upande wa kulaumu injini.

Watu wa Johannesburg walikuwa na jibu lao la zamani kwa hewa hiyo nyepesi, nalo lilikuwa kuongeza ukubwa wa injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Basil Green alikuwa akitia V8 ya Ford ndani ya Capri na kuiita Perana. Mwaka 1985 BMW ya Afrika Kusini ilichukua injini ya lita 3.2 ya gari kubwa ikaipachika ndani ya gari dogo, ikalipa jina 333i. Kila mahali duniani watu hupenda nguvu, lakini huku bara kulikuwa na sababu ya ziada: usipoongeza injini, karibu moja ya tano ya nguvu ulizolipia zinabaki pwani. Supachaja zilikuja pia, tena mapema. Siku ya Mwaka Mpya 1937 Bernd Rosemeyer alikimbia East London, mji wa pwani kusini ya hapa, akiwa na Auto Union ya silinda 16 na nguvu za farasi zaidi ya 500. Mashindano yalikuwa ya kupeana nafasi, wadogo wakitangulia kuondoka, na aliyeshinda ni Pat Fairfield katika ERA ndogo, nayo ikiwa na supachaja.

Wakati huo mafuta yalipimwa na kabureta. Kabureta ni kifaa chenye akili ya kijijini: kinajua ujazo wa hewa inayopita, hakijui uzito wake. Ukiipanga vizuri pwani kisha ukapanda nayo bara, inamwaga petroli kupita kiasi na plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya jiko. Ukiipanga bara ukashuka nayo, inanyima petroli, na hilo ndilo la hatari, maana mchanganyiko wenye mafuta pungufu huwaka kwa joto kali. Kuanzia mwaka 1913 hadi 1936 palikuwa na mashindano ya pikipiki kati ya Durban na Johannesburg, na kila aliyeshiriki alilazimika kuchagua jeti, yaani kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, akijua kwamba haiwezi kufaa kote kuwili.

Fundi tunayemtegemea hapa Durban ni mzee wa Chatsworth, wa ukoo wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Pengine si wasomaji wote wanaowajua. Mwaka 1873 manowari za Uingereza zilianza kuwashusha hapa Natal watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakipitia Zanzibar. Wakapata makazi King's Rest, kwenye kilima cha Bluff, wakajenga msikiti na kuzika watu wao huko, hadi sheria za ubaguzi za miaka ya 1960 zilipowahamisha kwenda Chatsworth. Mzee huyu ana kopo la tumbaku la zamani lenye vitambaa viwili. Katika kitambaa kimoja mna jeti za pwani, katika cha pili jeti za bara. Anasema ujana wake wote alibadilisha jeti kando ya barabara pale Harrismith, kwenda na kurudi, na hakuwahi kuchoma pistoni. Tulipoisikia hadithi hiyo mara ya kwanza tulicheka. Tulimwambia kuwa siku hizi kompyuta inafanya kazi hiyo.

Na ni kweli inafanya. Safari ya kuiacha kabureta ilikuwa ndefu. Mercedes 300 SL ya mwaka 1954 ilipuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya Bosch. Kwetu Afrika Mashariki, Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell walishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 wakiwa na Peugeot 404 Injection. Wazee wengi wa Dar bado wanaukumbuka ushindi huo, ingawa wachache wanakumbuka kuwa gari lile halikuwa na kabureta. Hizo zote zilikuwa pampu za kimekanika. Umeme uliingia kwa kusuasua: Wamarekani wa Bendix walitoa mfumo wao wa Electrojector, Chrysler ikaufunga katika baadhi ya magari ya mwaka 1958, lakini ukasumbua kiasi kwamba mengi yalirudishiwa kabureta. Bosch ikalichukua wazo hilo, na mwaka 1967 ikatoa D-Jetronic katika Volkswagen 1600. Hapo ndipo ilipozaliwa injekta tunayoijua sisi, ile ambayo mafundi wa Gerezani huiita nozo: kivalvu kidogo cha umeme ambacho hakina la kufanya ila kufunguka na kufunga.

Jambo hilo la kufunguka na kufunga ndilo kiini cha makala hii, kwa hiyo tunaomba uvumilivu. Pampu huweka petroli kwenye mgandamizo usiobadilika sana, tuseme bari tatu. Kompyuta hupima hewa, kisha huamuru injekta ifunguke kwa muda fulani. Hewa ikiongezeka, muda unaongezeka. Lakini muda wenyewe hauna mwisho wa kuchezea. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inamaliza mzunguko wake wa kazi katika milisekunde 20. Injekta haiwezi kufunguka kwa milisekunde 21 ndani ya 20. Na kwa kuwa inahitaji nafasi ya kufunga na kufunguka tena kwa uhakika, watu wa kazi hawapendi ivuke asilimia 80 au 85 ya muda huo. Ikifika mia, haina tofauti na bomba lililoachwa wazi: kompyuta inaweza kuomba hadi kesho, hakuna tone la ziada.

Hesabu ya kuchagua injekta basi ni ya duka la rejareja. Injini yenye supachaja hula kama gramu 365 za petroli kwa kila kilowati kwa saa. Isiyo na supachaja hula kama 300. Supachaja inazungushwa kwa mkanda na inakula sehemu ya nguvu za injini yenyewe, na mafuta mengine humwagwa kwa makusudi ili kupoza silinda. Kwa kilowati 300 zile za kijana wetu tulipata kilo 109 na nusu kwa saa. Tukagawa kwa injekta sita, tukagawa tena kwa 0.8 ili kubaki ndani ya asilimia 80. Kilo tukazigeuza lita, kwa kuwa petroli ina uzito wa gramu 740 hivi kwa lita. Ikatoka sentimita za ujazo 514 kwa dakika. Tukamwambia anunue za 520. Alizipata, akazifunga, akapangiwa kompyuta na fundi wa hukohuko, na kwa miezi minane gari lilikwenda vizuri. Alitutumia picha ya kioo kidogo alichofunga karibu na usukani: asilimia 79. Tulijisifu, hatutaficha.

Desemba akashuka Durban na wenzake kula sikukuu, kama nusu ya Johannesburg inavyofanya kila mwaka. Siku ya tatu, gari likiwa na watu wanne, alikuwa akipanda mlima wa kutoka mjini kuelekea Pinetown, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Alisema alisikia mlio kama kokoto ndani ya debe, halafu moshi wa bluu.

Tuliifungua injini kwa yule mzee wa Chatsworth. Pistoni ya tano ilikuwa na tundu unaloweza kupitisha kidole, na plagi yake ilikuwa nyeupe kama chaki. Mzee aliitazama, akaifuta mikono yake, akauliza swali moja tu: jeti mlizompa zilikuwa za wapi?

Hapo ndipo tulipokaa chini juu ya tairi kuukuu. Ile karatasi ya daino ilipimwa Johannesburg, na mpimaji hakuwa amezisahihisha namba ziwe za usawa wa bahari, kama wengine wafanyavyo. Zilikuwa kilowati 300 za hewa ya kilopaskali 82. Supachaja ya mkanda haitoi kiasi maalumu cha hewa, inazidisha ile inayoikuta. Puli yake ilikuwa ya kuzidisha mara 1.6. Johannesburg ilimaanisha kilopaskali 131 ndani ya manifoldi, na geji ikionyesha nusu bari. Durban, kwa puli ileile na mkanda uleule, ilimaanisha 162, na geji ikasoma bari 0.6. Hewa iliongezeka kwa karibu robo bila mtu kugusa kitu. Asilimia 79 mara 101, gawa kwa 82: 97. Ongeza abiria wanne, mlima, na joto la Desemba linaloifanya injini iwe tayari kugonga, na zile injekta zilikuwa wazi moja kwa moja, zikitoa kila zilichokuwa nacho, huku kompyuta ikizidi kuomba. Kompyuta ilijua kabisa kuwa iko Durban. Aliyekuwa hajui ni sisi.

Tabo ingetudanganya kwa namna nyingine, maana valvu yake hupunguza shinikizo likizidi, kwa hiyo tofauti ya bara na pwani huwa ndogo. Pengine ndiyo sababu wengi wetu tuliozoea tabo tunasahau. Lancia walipoileta 037 yao ya supachaja kwenye Safari ya 1986, Markku Alén alimaliza wa tatu, nyuma ya Toyota Celica mbili za tabo, na tunaamini mafundi wake walijua kwa hesabu kila mita ya kupanda na kushuka ya njia ile. Hata serikali ya Afrika Kusini inaujua urefu wa nchi yake: petroli ya okteni 93 ni ya bara, ambako hewa nyepesi haiisukumi injini hadi kugonga, na huku pwani ya kawaida ni 95. Tangu 1965 petroli yenyewe hupanda kwa bomba kutoka Durban kwenda Johannesburg. Sisi tuliishi kwenye mdomo wa bomba hilo na bado hatukuuliza.

Kijana hakutulaumu. Hilo lilitusumbua zaidi. Alikaa kimya kwenye sebule yetu siku mbili, akijibu "sawa mjomba" kwa kila neno, na mke wetu akatuambia jikoni kwamba ukimya ule si wa adabu tu. Siku ya tatu tulimwita, tukamweleza hesabu yote tangu mwanzo, tukamwonyesha kwa kalamu mahali tulipokosea, tukamwambia pistoni, ringi na gasketi ni juu yetu. Alizitazama zile karatasi muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe mjomba, namba ilikuwa na makwao." Tukacheka wote, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Yeye mwenyewe alitaka tumalize wasiwasi kwa kuweka injekta za 1,000. Watu wengi hufanya hivyo, na ni kosa la upande wa pili. Kila injekta hutumia karibu milisekunde moja kufunguka tu, kabla haijatoa kitu cha maana. Injini ikiwa imetulia kwenye taa za barabarani, injekta ya kiwandani ya 240 inahitaji kutoa mafuta kwa milisekunde 1.6 hivi. Ya 1,000 ingehitaji chini ya 0.4, na kwa muda mfupi hivyo hakuna injekta mbili zinazolingana. Gari linatetemeka, linanuka petroli, na silinda moja inashiba huku nyingine ikiwa na njaa. Injekta kubwa kupita kiasi haichomi pistoni, bali inaosha kuta za silinda kwa petroli na kula ringi polepole, na mwenye gari hajui hadi mwaka upite.

Tulirudia hesabu kwa hewa ya Durban. Kilowati 300 za Johannesburg ni kama 370 huku. Ikatoka 634. Tukaagiza za 650, tukabadilisha na pampu ya tangini, kwa sababu ile ya zamani isingeweza kuzilisha injekta hizo zote sita, tukahakikisha kidhibiti cha mgandamizo wa petroli kimeunganishwa na manifoldi. Kisiposikia shinikizo la supachaja, petroli inasukumana na hewa mlangoni, na injekta ya 650 inakuwa kama ya 580. Mzee wa Chatsworth aliifunga injini katika wiki tatu. Hakutaka kulipwa kwa kazi ya kufungua, alisema ile alikuwa akitazama tu.

Majaribio tuliyafanya mlima uleule wa Pinetown, alfajiri, sisi tukiwa kiti cha pembeni tumeshika geji. Asilimia 78, ikatulia hapo hadi juu.

Mwishoni mwa Januari kijana alirudi zake. Usiku ukaingia ujumbe kwenye simu, namba peke yake: 63. Tukamjibu tukimwuliza yuko wapi. Akajibu kuwa ameshafika Johannesburg, na kwamba mama yake anatusalimu.